Usiniulize Kama Inalipa

Wiki iliyopita nilimdanganya mtoto wa kidato cha pili. Alikuwa amesimama nyuma ya bega langu, amebana pumzi bila kuambiwa, akitazama kigurudumu cha saa kikianza kucheza chenyewe baada ya miaka mingi ya kufa. Kiliposhika mwendo alicheka, kicheko cha mtoto kabisa. Halafu akajikusanya, akawa mtu mzima wa Chunya, akauliza: "Mwalimu, hii kazi inalipa?"

Nikamjibu, "Ukiifanya vizuri, inalipa."

Si kweli. Hailipi. Huu ni mwaka wa nne nafungua saa za mkono za zamani, zile za kutia ufunguo na zile zinazojijaza zenyewe kwa mtikisiko wa mkono. Nazisafisha, nazirudishia kifaa kimoja kimoja, na sijaweka akiba hata shilingi kutokana nazo. Nimetumia tu. Nilijua hivyo wakati namjibu yule mtoto, na bado ulimi ulikwenda wenyewe kwenye jibu lile, kwa sababu nimeshaulizwa swali hilo na mke wangu, na kaka yangu aliyeko Tunduma, na mwalimu mwenzangu wa hesabu, na dereva wa bodaboda aliyenirudisha nyumbani usiku mmoja nikiwa nimekumbatia kopo la saa mbovu. Mtu akiulizwa jambo moja mara nyingi hivyo huanza kuona aibu kama mtuhumiwa, na mtuhumiwa hutafuta la kusema.

Leo sitafuti la kusema. Leo nataka kulishtaki swali lenyewe.

Niseme kwanza kwamba hata Kiswahili hakijanisaidia. Jambo ambalo mtu analifanya kwa kulipenda tu, baada ya kazi, bila ujira, kuna vitabu vinavyoliita uraibu. Neno hilo hilo ndilo tunalolitumia kwa kijana aliyetekwa na heroini. Vijana wamelikwepa, wanasema hobi, na ukisema hobi mbele ya wazee unaonekana umerudi juzi kutoka ng'ambo. Wazee wenyewe wana methali yao tayari mkononi: kazi mbaya si mchezo mwema. Nimetupiwa methali hiyo hadi nimeizoea. Lakini mimi naishi Chunya, na kazi mbaya naifahamu kwa sura. Nimeona wanaume wakishushwa kwa kamba kwenye duara ambalo kuta zake zimeshikiliwa na magogo mabichi. Nimeona zebaki ikikandwa kwa mikono mitupu kisha ikachomwa kwenye kikaango uani, mama mja mzito kakaa hatua chache kutoka kwenye moshi. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto katika uchimbaji mdogo wa dhahabu nchini, na Chunya ilikuwemo. Hizo ni kazi mbaya. Mchezo mwema sijawahi kuuona ukimzika mtu.

Basi tuuangalie huo mchezo.

Saa tatu usiku, watoto wakishalala, naingia ndani ya chandarua pamoja na meza ndogo. Usicheke. Vispringi vya saa vina tabia ya kuruka, na kikiruka kimoja katika nyumba yenye sakafu ya saruji iliyopasuka na vumbi la Chunya, umekiaga. Chandarua kinakidaka. Nina lenzi ya sonara, kibano kimoja kizuri na viwili vibaya, bisibisi tano, pampu ya mpira ya kunyonyea kamasi za watoto wachanga ambayo naitumia kupulizia vumbi, spiriti, vijiti vya kuchokonolea meno. Mwanzoni nilitumia mafuta ya cherehani, nikajifunza kwa hasara kwamba yanatambaa. Unayaweka penye ekseli, baada ya miezi unayakuta yameenea kila mahali isipokuwa pale ulipoyaweka. Siku hizi nina kichupa cha mafuta ya saa yenyewe. Bei yake sitaitaja, mke wangu husoma ninachoandika.

Ukiondoa kifuniko cha nyuma cha saa ya aina hiyo unakuta, kwanza, chuma cha nusu duara kinachoning'inia na kuzunguka kwa uzito wake. Ndicho kinachokaza springi kuu kila unapoinua mkono. Springi kuu imejikunja ndani ya kopo lake ikitaka kufunguka kwa nguvu zake zote mara moja, na mashine iliyobaki, magurudumu yote yale na mawe yote yale, kazi yake ni kuikatalia. Kuna kidude chenye umbo la nanga ya jahazi kinachozuia na kuachia, kinazuia na kuachia, jino moja kwa kila mruko. Mlio unaousikia ukiweka saa sikioni ni wa huyo mzuiaji. Na anayempangia mzuiaji wakati wa kuachia ni gurudumu jingine, jembamba, linalokwenda na kurudi kwa springi iliyolala kama mkunjo wa moshi, nyembamba kuliko unywele. Mimi naiita unywele. Katika Seiko nyingi za zamani, gurudumu hilo hupiga mara sita kwa sekunde, yaani mara 21,600 kwa saa moja, zaidi ya nusu milioni kwa siku, usiku na mchana, bila betri. Siku ya kwanza nilipolielewa hilo nilitoka nje nikasimama uani kwa muda. Sikuwa na mtu wa kumwambia saa sita za usiku.

Chunya ni mji wa mizani. Dhahabu ya Lupa ndiyo iliyouleta, na ndiyo iliyoleta hata mji wa Mbeya kule ng'ambo ya mlima katika miaka ya 1920. Tangu 2019 tuna soko la madini, na kila mwenye duka anajua bei ya gramu ya asubuhi hii kabla hajajua kama mtoto wake kaamka na homa. Sisemi hivyo kwa dharau, dhahabu imesomesha wengi. Lakini mizani ina namna ya kuhamia kichwani. Mara ya kwanza nilipomwonyesha rafiki yangu mnunuzi wa dhahabu saa yenye ganda la njano, aliipindua mara mbili, akasema, "Rangi tu hii," akanirudishia. Maneno "17 Jewels" yaliyoandikwa kwenye saa nyingi yamewatia wengine wazimu kabisa. Kuna kijana alinunua saa mbovu ili ang'oe "rubi." Nilimweleza kwamba mawe yale ni rubi kweli kwa maumbile, lakini yanapikwa kiwandani kwa unga wa alumina unaoyeyushwa kwenye moto, ufundi ambao Mfaransa Auguste Verneuil aliutangaza mwaka 1902, hayana ukoo na rubi ya Winza wala ya Longido, na bei yake ni ya vifungo vya shati. Aliniangalia kana kwamba nimemwibia.

Siku moja nilichukua skrubu ya saa, ile inayoshikilia daraja la lile gurudumu la kwenda na kurudi, nikaiweka kwenye mizani ya rafiki yangu. Mizani ile inasoma hadi sehemu ya mia ya gramu, mzee mzima hawezi kuiibia hata kwa pumzi. Ikasoma sifuri. Tukaitazama pamoja ile sifuri. "Sasa umeniletea nini?" akauliza. Bila skrubu hiyo saa haiendi.

Sasa nije kwenye kosa langu, maana ninayelishtaki swali niliwahi kulitii.

Mwaka juzi walikuja wakufunzi wa ujasiriamali. Nadhani kila msomaji wa umri wangu ameshakaa kwenye semina hiyo: chai, chupa ya maji, daftari lenye picha ya mtu anayepanda ngazi. Kila mtu ataje anachopenda kufanya, kisha aambiwe jinsi ya kukigeuza fursa. Mmoja alisema anapenda kuimba kwaya. Akaambiwa arekodi, auze. Mwingine anapenda kulima mboga za nyumbani. Afungashe. Mimi nikasema saa. Mkufunzi alipiga makofi. "Huyu hapa!" akasema, "amekalia pesa!" Nikarudi nyumbani nikiwa nimevimba kichwa, nikaandika kwenye kipande cha boksi FUNDI SAA, nikakitundika dirishani.

Wa kwanza kuja alikuwa mzee aliyekuwa dereva wa malori ya tumbaku zamani. Shikamoo, marahaba, akavua saa mkononi kama mtu anayevua pete ya ndoa. Seiko 5, mashine namba 7009, mawe 17. Ile tano iliyo usoni ina maana yake, ni ahadi tano za kiwanda kuanzia miaka ya 1960: inajijaza yenyewe, ina siku na tarehe kwenye dirisha moja, inastahimili maji, kifunguo kimefichwa kwenye pembe ya nne, ganda na mkanda ni vya kudumu. Siku zilizoandikwa kwenye ile ya mzee zilikuwa na Kiarabu kwa lugha ya pili. Aliinunua Dar es Salaam mwaka 1984. Ilikuwa inasimama usiku na kuamka ikitikiswa, akaniambia, "kama mimi tu." Uchafu na mafuta yaliyokauka, si zaidi. Nikamwambia shilingi elfu ishirini, akatanguliza kumi, na nikamwahidi Jumamosi.

Nina kanuni moja tu katika mchezo huu: mkono ukitetemeka, funika, nenda kalale. Saa iliyofunguliwa haiozi. Nimewahi kufunika saa moja kwa bakuli wiki sita. Lakini Ijumaa ile kulikuwa na saa tatu mezani, zote za Jumamosi, na pesa ya watu wawili ilikuwa imeshageuka unga na sabuni. Saa saba usiku mkono ulikuwa unatetemeka. Sikufunika. Nikainua lile gurudumu na unywele wake kwa kibano, unywele ukanasa mahali ambapo sikupaona, nikavuta. Haukukatika. Afadhali ungekatika. Ulijikunja pembeni, mkunjo mmoja, kama unyasi uliokanyagwa. Na badala ya kuacha hapo hapo nikachukua sindano nikaanza kuunyoosha, na kila nilipounyoosha hapa ulipinda pale. Alfajiri nilikuwa na kitu mfano wa chemchemi ya kalamu iliyochezewa na mtoto.

Mzee alikuja Jumamosi saa mbili asubuhi, kanyoa ndevu. Nilimweleza yote, nikamrudishia elfu kumi yake iliyokopwa kwa jirani. Aliitazama saa, akanitazama mimi, akaniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Mwalimu, wewe fundi wa siku nyingi?"

Nikamwambia hapana, najifunza.

"Ungeniambia unajifunza," akasema, "ningekuachia hata mwaka."

Nilikitoa kile kipande cha boksi dirishani siku hiyo hiyo, nikakichana. Yeye aliacha saa yake pale mezani. "Ibaki. Jifunzie," akasema, akaondoka na kumi yake.

Nimelifikiria sana jambo hilo, na kila ninapolirudia nafika mahali pamoja. Nilichomuuzia yule mzee hakikuwa ufundi. Niliuza Jumamosi. Ufundi nilikuwa bado ninao kidogo tu, na huo mdogo ulihitaji usiku usio na mwisho na kosa lisilo na mwenyewe, vitu viwili ambavyo havina bei na ambavyo bei ikiingia tu vinatoka kwa mlango wa nyuma. Yule mkufunzi hakuniambia hilo. Hajui. Amezunguka nchi nzima akiwauliza watu wanapenda nini, na jibu likitoka mdomoni analichinja palepale.

Najua utakaloniambia. Mwalimu, wewe una mshahara. Ni kweli, hoja hiyo ina uzito na siikwepi. Mtu asiye na cha kupika jioni hana haja na saa zangu, na nikimhubiria nastahili kupigwa. Lakini angalia wanaouliza swali hili ni akina nani. Wengi wameshiba. Na angalia hawaulizi nini. Kijana akikaa saa nne kibandani akitazama Ligi Kuu ya Uingereza hakuna anayemuuliza kama inalipa. Akimaliza usiku mzima akichambua mkeka wa kubeti, anaitwa mpambanaji, maana mkeka haujamlipa tangu Januari lakini unaahidi. Wazee wanaocheza bao na drafti chini ya mwembe wanaachwa kwa sababu ni wazee. Kinachowakera watu ni kijana, tena aliyesoma, anayefanya jambo gumu kwa makini bila kuahidi chochote.

Wengine huniuliza kama siwanyang'anyi mkate mafundi. Nina jibu, na jibu liko Sokomatola, Mbeya. Huko kuna fundi saa wa siku nyingi mwenye meza ya kioo yenye upana wa gazeti. Anaishi kwa kubadilisha betri na kukata mikanda. Simwiti mtu wa michezo, ana watoto, na senti yake ni halali kuliko yangu. Lakini nilimkuta jioni moja anafunga, na badala ya kufunga akatoa droo ya chini saa moja ya Kirusi ya kutia ufunguo, akaanza kuipekua. Ya nani? Ya kwake. Ina miaka mitatu haijaenda. Ataimaliza lini? Akacheka. Yeye mwenyewe alijifunza kwa mjomba wake miaka minne, miwili ya kwanza akifagia na kushika taa, bila kulipwa hata nauli. Ukimwuliza mjomba yule siku ya kwanza kama inalipa, tusingekuwa na fundi Sokomatola.

Ndiye aliyenisaidia. Aliniuzia mizoga mitatu ya 7009 kwa elfu kumi na mbili, akanionyesha jinsi ya kuinua gurudumu kwa kulishika na daraja lake, unywele ukining'inia wenyewe, bila kuuvuta. "Usiuinue wewe," akasema. "Uache ukufuate." Mzoga wa kwanza ulikuwa na kutu. Wa pili niliuvunja ekseli mimi mwenyewe. Wa tatu ulikuwa mzima. Kutoka Jumamosi ile hadi saa ya mzee kuamka ilipita miezi minane, na mzee alipita kwangu mara mbili tatu kutazama, akakaa kwenye kiti cha plastiki nje ya chandarua akinisimulia barabara ya Chunya kabla ya lami, jinsi lori la tumbaku lilivyokuwa linalala Kawetere kwenye tope na ukungu, siku mbili, dereva na utingo wakila mahindi ya kuchoma.

Sasa saa yake inakimbia dakika mbili kwa siku. Programu ya simu inayosikiliza mlio iliniambia hivyo, na nilitaka kuibakiza niirekebishe zaidi, maana ikilazwa ina mwendo mmoja na ikisimamishwa ina mwingine. Mzee alikataa katakata. Kila asubuhi anasubiri taarifa ya habari ya redio, mshale ukiwa umepita kidogo kwenye saba, anairudisha nyuma kwenye saba yenyewe na kusema ni saa moja kamili, kama sote tunavyofanya tangu utotoni bila kujiuliza.

Bado nina deni kwa yule wa kidato cha pili. Anaweza kuikariri kanuni ya Hooke bila kumeza mate, na hadi wiki iliyopita alikuwa hajawahi kushika springi iliyo na kazi ya kufanya. Kosa hilo ni letu. Tumemfundisha fizikia kwa ubao, tukamfundisha na swali lile la mizani, na la pili ndilo alilolielewa vizuri zaidi. Sera mpya ya elimu imeleta mkondo wa amali na mimi nimeufurahia, ila nasikia tayari kwenye vikao tunauliza kila somo litampa mtoto ajira gani kabla hatujauliza atalishika kwa mikono yake lini.

Nilimwita Jumatatu nikamwambia ukweli. Nikamwambia nilisema uongo, hailipi, mimi hainilipi, na sijui kama itakulipa wewe. Aliitikia kwa kichwa kama wanafunzi wanavyoitikia. Nikamwambia kama anataka, Jumamosi aje. Nimemwekea kwenye kopo la majani ya chai bisibisi moja ndogo, kibano kimojawapo kati ya vile vibaya, na ule mzoga wa pili, uliovunjika ekseli, ambao hawezi kuuharibu zaidi.

Jumamosi hakuja. Kulikuwa na mawe ya kusaga mwaloni, na huko wanatoa elfu tano kwa siku. Kopo liko pale pale kwenye rafu, nimeandika jina lake kwa chaki.